Ungo wa Mama na Kanisa la Bujora

Mimi ni karani wa parokia huku Nansio. Naandika vitabu vya ubatizo na ndoa, nahesabu zaka. Zamani nilisomea ualimu, na neno ninalotaka kukuambia lilianza siku ile ya kwenda chuoni.

Mama alinisindikiza, naye alichukua kichwani ungo mpya aliousuka kwa mikono yake, zawadi ya mkuu wa chuo. Nilipoona wenzangu wanashuka na masanduku ya bati yanayong'aa, niliona haya. Nikamwambia, "Mama, uache ungo kwa mlinzi hapo langoni." Akauacha. Hakusema neno.

Basi mwaka huu halmashauri yetu ya walei ilishindana sana. Kina mama waliomba kuuza mikeka na vikapu ndani ya kanisa siku ya somo wa parokia, maana wanaogopa mvua. Wazee wakakataa: je, Bwana Yesu hakuwafukuza wachuuzi hekaluni? Mwisho nikatumwa Bujora, nikaone wenzetu wanafanyaje.

Nilivuka kwa meli mpaka Mwanza, nikapanda gari la Kisesa, njia ya Musoma. Bujora ni mahali alipofanya kazi Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, tangu miaka ya 1950. Na mwaka 1968 yakaanzishwa hapo makumbusho ya Wasukuma. Kuna nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, ngoma za watemi. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya Ekaristi Takatifu, vikundi vya ngoma hukusanyika kwa mashindano yaitwayo Bulabo. (Sisi Wakerewe tusione wivu. Mzee wetu Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu cha maisha ya wazee wetu, nacho baadaye kikatoka kwa Kiswahili; naye alifariki mwaka 1981.)

Lakini kanisa lenyewe ndilo lililonishika. Niliingia nikitafuta meza za wachuuzi, sikuona hata moja. Niliona altare iliyofanywa mfano wa kiti cha mtemi, na tabernakulo mfano wa nyumba ya Kisukuma. Kazi ya mikono ya wanakijiji haikuletwa kanisani iuzwe. Ilikuwa imekaa pale Mwenyewe anapokaa. Nilipiga goti, nami nikaukumbuka ungo ule langoni. Nilikaa pale kitambo, hata gari la kwanza likaniacha.

Niliporudi niliieleza halmashauri hivi: kuuza, tuuze nje, tutafute turubai, bali wakati wa vipaji kila mama alete mbele ya altare kazi yake iliyo bora. Wazee wakakubali, ingawa mmoja bado ananung'unika juu ya gharama ya turubai.

Jioni nikaenda kwa mama. Nikamwomba asuke ungo wa kupeleka vipaji siku hiyo. Alinitazama sana, kisha akauliza, "Na langoni nimwachie nani, mwanangu?"

Hakuwa akicheka. Nami sikupata jibu, nikamwomba radhi tu, baada ya miaka mingi hiyo. Jumamosi nilimpelekea mzigo wa matete, nikauweka nyuma ya nyumba. Jana nilipopita nilikuta ameyapasua nusu.