Selo Yetu Kando ya Lufira

Watu wa hapa Mwadingusha wametuzoea, lakini wageni hushangaa. Wakishuka katika lori la Likasi na kupita nyuma ya kanisa saa ya jioni, husikia sauti nene kama ya mtu mzima anayeguna peke yake. Huuliza: «Nani mgonjwa?» Hujibiwa: «Hakuna mgonjwa, ni mwalimu wa dini na zeze lake kubwa.» Basi yafaa tueleze habari ya zeze hilo. Twasema «sisi» kwa desturi ya waandishi. Mpigaji ni mmoja, na chombo ni kimoja.

Jina lake ni violonseli, kwa kifupi selo. Ni ndugu mkubwa wa fidla. Fidla huwekwa begani chini ya kidevu, bali selo husimama juu ya mguu wa chuma, na mpigaji huketi kitini akaikumbatia kwa magoti. Nyuzi zake ni nne: do, sol, re na la, tangu ule mnene hata ule mwembamba. Huvutwa kwa upinde wenye nywele za mkia wa farasi, nazo nywele hupakwa utomvu mkavu wa msonobari uitwao kolofani. Pasipo kolofani upinde huteleza tu, wala hakuna sauti. Wako wasemao kwamba kuvuta uzi kwa upinde ni jambo la Wazungu peke yao. Hao na waende Tanzania wakawatazame Wagogo, ambao zeze lao huvutwa kwa upinde.

Tulijifunza seminarini. Palikuwa na padre mmoja mzee, mmisionari, aliyekuwa na selo chumbani mwake, na kila Alhamisi alasiri alituita. Mwaka mzima wa kwanza hakutupa wimbo hata mmoja. Alitupa uzi mmoja mtupu na upinde, akasema: «Vuta polepole, hesabu nane, kisha urudi.» Wenzetu walipita dirishani wakicheka, wakiuliza tumekwisha kukata mbao ngapi. Siku ile uzi ulipotoa sauti safi toka mwanzo wa upinde hata mwisho, yule mzee hakusema neno. Alifungua kitabu cha noti tu. Alipougua na kurudi kwao Ulaya, alituachia selo na kitabu kile. Sisi nasi baadaye tuliruhusiwa kutoka seminarini, tukaoa, tukatumwa huku kufundisha wakatekumeni.

Kitabu hicho ni kazi ya Bach, sehemu sita zilizotungwa kwa ajili ya selo peke yake, yapata mwaka 1720, wakati alipokuwa akimtumikia mwana wa mfalme huko Köthen, Ujerumani. Kwa muda mrefu baadaye watu wengi walizidhania kuwa mazoezi tu ya wanafunzi. Ndipo mwaka 1890 kijana wa miaka 13, Pablo Casals, alipoingia na baba yake katika duka la noti kuukuu huko Barcelona, akazikuta. Alizisoma nyumbani kwa miaka kumi na miwili kabla ya kuthubutu kuzipiga mbele ya watu. Habari hii hutufariji sana. Sisi tunazo kwa miaka kama hiyo, na ya sita bado hatujaigusa, kwa maana ilitungwa kwa chombo chenye nyuzi tano.

Sasa, mtu hupigaje selo Mwadingusha, mahali pasipo mwalimu wala mwenzi? Tuna mwenzi mmoja, naye ni transfoma. Wasomaji wajua kwamba mto Lufira ulizuiwa hapa kwa boma, likatokea ziwa Tshangalele, na kwamba mitambo ya umeme ilianza kazi mwaka 1930, zamani za Union Minière, ili viwanda vya shaba vipate nguvu. Mitambo hiyo ilifanywa upya, kazi ikaisha mwaka 2021, na sasa nguvu yake ni yapata megawati 78. Basi, transfoma hunguruma usiku na mchana. Umeme wa nchi yetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na chuma kilicho ndani ya transfoma hujinyosha mara mbili kwa kila safari, ndiyo kusema mara 100. Na uzi wa sol wa selo, ukikazwa sawasawa, hutikisika mara 98. Ni karibu sana! Mtu akisimama mahali mngurumo unapofika na kuuvuta uzi huo, sauti mbili hugombana, akasikia wimbi la uu-uu, mara mbili kila sekunde. Akisikia wimbi mara mbili, na uzi u chini kidogo ya mngurumo, basi sol yake ni njema. Akisikia mara nne au tano, akaze kigingi. Twakiri umeme nao hupungua na kuongezeka kidogo, lakini hata kinanda cha kanisani hakituambii kweli siku zote, maana panya wamekila.

Adui mkubwa ni kiangazi. Toka mwezi wa Mei hata Septemba hewa ya Katanga hukauka, usiku ni baridi, na mbao hujikunja. Kwa hekima mafundi wa kale waliunga selo kwa gundi ya ngozi, ambayo huachia kabla ya ubao kupasuka. Kwa hiyo mshono ukifunguka si msiba, ni kama mlango uliofunguka ili nyumba isianguke. Twaweka kitambaa kibichi katika kopo lenye matundu ndani ya sanduku, na mama wa nyumbani mwetu hukilowesha tukisafiri. Yeye husema kwamba chombo hiki hunywa maji kuliko mbuzi. Kuhusu nyuzi tusiseme mengi: bei ya seti moja yapita posho yetu ya mwezi.

Uzi wa do ulipokatika, tulifunga waya wa breki ya baiskeli. Wazo hilo si letu. Tulilipata katika habari za Orkestra ya Kimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, rubani wa ndege aliyepoteza kazi. Mwanzoni vyombo vilikuwa vichache kuliko watu, hata fidla moja ilipita mkono kwa mkono, mmoja akipiga na wengine wakingoja zamu; na uzi ukikatika, waya wa breki ulishika mahali pake. Mwaka 2010 Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, walitoa filamu juu yao, jina lake *Kinshasa Symphony*. Tuliitazama Likasi kwa rafiki. Mle tulimwona mama mmoja anayepiga selo, na riziki yake ni kuuza mayai sokoni. Tulinyamaza kimya. Hawa si Wakatoliki, lakini tuliona haya kidogo kwa ajili yetu, sisi wenye seminari na vinanda tangu siku nyingi. Mwaka 2014 orkestra hiyo ilikwenda kupiga Uingereza.

Wala tusidhani kwamba Katanga ilikuwa bubu. Joseph Kiwele, aliyefariki mwaka 1961, alitunga Misa, tena alitunga wimbo wa taifa wa Katanga mwaka 1960. Padre Guido Haazen, Mfransisko, aliwakusanya waimbaji Kamina, na kutoka kwao ikatokea Missa Luba, iliyovuma duniani tangu mwaka 1958. Hizo ni kazi za sauti na ngoma. Nyuzi ndizo zilizochelewa kufika.

Kwenda kusikiliza tamasha ni kazi nyingine. Mara moja kwa mwaka, mavuno yakiruhusu, twapanda lori hata Likasi, kisha basi hata Lubumbashi. Mji ule una jumba la tamasha lililomalizika mwaka 1956, na kumbi nyingine ndogo, na mara kwa mara wageni hufika na vyombo vyao. Katika ukumbi mmoja, tusioutaja, bawabu alitutazama viatu vyenye vumbi akatuonyesha mlango wa wapishi. Tuliingia kwa mlango huo huo, tukaketi mstari wa nyuma kabisa. Walikuwa wanne: fidla mbili, alto, na selo. Hatukuwa tumesikia selo ya mtu mwingine tangu yule padre aondoke. Tulipigwa na jambo dogo: yule mpigaji alivuta pumzi kabla ya kila sentensi, kwa nguvu, pua ikisikika hata kwetu nyuma. Kumbe hata wakubwa hupumua! Sisi tulikuwa tukipiga tumebana pumzi kama mvuvi anayezamia. Safari ile, nauli na chakula, ilimeza fedha ya bati mbili za paa letu, na mvua iliponyesha Novemba mama wa nyumbani aliweka sufuria chini ya tundu bila kusema kitu. Ukimya wake tuliusikia vizuri.

Sasa tuje katika jambo lililotia maneno parokiani. Mzee mmoja wa baraza alisema selo ni chombo cha dansi, isiingie kanisani. Tulimheshimu, maana ni mtu mwema, kisha tukamjibu kwa maandiko ya Kanisa. Papa Pio XII, katika barua yake ya mwaka 1955 juu ya muziki mtakatifu, alizisifu fidla na vyombo vingine vya upinde waziwazi. Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1963, uliheshimu kinanda kwanza, ukaruhusu vyombo vingine vinavyofaa kwa idhini ya wakubwa. Paroko alikubali. Wakati wa Kwaresima selo hainenei peke yake, yasaidia waimbaji tu, na twaona ni sheria nzuri: masikio nayo yafunge. Mzee akasema: «Vema, Mwalimu, lakini watu wetu wanalielewa jambo hilo, au wewe peke yako?» Neno hili lilituchoma, kwa kuwa lilikuwa swali la haki.

Jibu halikutoka kwetu. Mvuvi kijana alizama ziwani, mtumbwi ulipopinduliwa na upepo wa jioni. Walimtafuta siku mbili. Usiku wa kilio mama yake alimtuma mtu kwetu: «Mwambieni Mwalimu alete lile zeze linaloguna.» Tuliogopa. Tulikwenda, tukaketi kwenye kibao chini ya mwembe, mguu wa chuma tukiukita katika ardhi. Tulipiga sarabande ya sehemu ya tano ya Bach, ambayo haina sauti mbili pamoja hata mahali pamoja. Ni njia moja nyembamba tu, kama mtu apitaye gizani akipapasa ukuta. Ni fupi. Tulipomaliza, akina mama hawakunyamaza kama watu wa ukumbini. Mmoja wao aliidaka ile sauti ya mwisho, akaiendeleza kuwa maombolezo yake, wengine wakamfuata, nasi tukavuta uzi mmoja mtupu chini yao, polepole, tukihesabu nane na kurudi, hata karibu na alfajiri. Mkono ulikufa ganzi. Yule mzee wa baraza alikuwapo, akaturudishia kofia yetu iliyoanguka.

Mdogo wa marehemu ana miaka 12. Tangu siku ile huja kila jioni, ananuka samaki, anaketi. Vidole vyake ni vigumu kwa ajili ya nyavu, jambo ambalo si baya kwa nyuzi. Baba yake amemwambia kwamba msimu ujao lazima ashike nafasi ya kaka yake mtumbwini, na jioni ndiyo saa ya kutega. Tumekwenda kuzungumza na baba huyo mara mbili. Si mtu mkali. Anahesabu mikono iliyobaki. Mara ya pili aliuliza selo yaweza kuuzwa bei gani. Tulimwambia kweli: mfanyabiashara mmoja wa Likasi alitaka kuinunua, na bei yake ingetosha mtumbwi mpya na nyavu, na bati zetu juu yake. Alitutazama muda mrefu, akauliza kwa nini hatukuuza. Tulimjibu kwamba ingekuwa imeuzwa, usiku ule pasingekuwa na kitu cha kuleta chini ya mwembe. Hakujibu.

Tumepatana hivi kwa sasa: kijana atavua siku nne, siku mbili atakuja, na Jumapili ni ya Mungu. Bado yuko kwenye uzi mmoja mtupu. Juzi alikwenda mwenyewe kando ya ukuta wa mitambo na uzi wa sol, akarudi akisema: «Baba Mwalimu, leo ni mara tatu.» Tukampa kigingi akaze.