Vespa ya Shangazi, Bima ya Mtu Mmoja

Kwenye kadi ya usajili, Vespa ile ilikuwa na jina la shangazi yangu. Kikwajuni kwetu, Zanzibar, ilikuwa Vespa ya mtaa. Asubuhi ilimpeleka shangazi skuli alikokuwa akifundisha. Mchana ilimfikisha jirani mwenye mimba kliniki. Alasiri ilikwenda Darajani kufuata samaki, na baada ya sala ya Magharibi tuliishika sisi vijana kwa zamu ambayo hakuna aliyeipanga na kila mmoja aliijua. Ukiitaka, unakwenda kuomba.

"Shikamoo shangazi. Naomba Vespa nifike Miembeni mara moja."

"Marahaba mwanangu," atakuitikia, macho yakiwa bado kwenye madaftari anayoyasahihisha. "Mafuta yamo. Utakayoyatumia uyarejeshe, na saa tatu nisikie imeingia."

Leo naishi Coventry, mji wa Uingereza uliolea pikipiki tangu zilipokuwa changa. Hapa ndipo Triumph ilipoanza kuziunda mwaka 1902, na makumbusho ya usafiri ya mji yana kumbi nzima za baiskeli na pikipiki zilizotengenezwa na mikono ya watu wa mitaa hii hii. Binti yangu ana miaka 17 na anakwenda chuoni kwa skuta ya cc 125. Bima yake imeandikwa jina moja, lake. Mimi baba yake, niliyeilipia bima hiyo, siwezi kuipanda hata kwenda kununua mkate kwenye kona. Askari akinikuta naiendesha bila ya bima yangu, ni faini ya pauni 300 na alama 6 kwenye leseni, na chombo kinaweza kuchukuliwa pale pale. Ndugu yake wa tumbo moja haruhusiwi, rafiki yake haruhusiwi, jirani ndiyo usiseme.

Tofauti hii ndiyo inayonikaa rohoni kuliko baridi, kuliko chakula, kuliko mambo yote ambayo watu wa ughaibuni tumezoea kuyalilia.

Vespa yenyewe ilistahili kupendwa. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki za kawaida hakuzipenda: zilimchafua mtu kwa oili ya mnyororo, zilimlazimu kutanua miguu, na tairi likitoka pancha ilikuwa balaa. Kiwanda cha Piaggio pale Pontedera, Toscana, kilikuwa kikiunda ndege za kivita, na vita vilipokwisha kikahitaji kitu cha kuwauzia watu ambao hawakuwa na fedha za gari. Mwaka 1946 D'Ascanio akawapa chombo kisicho na mnyororo, injini yake imekaa ubavuni mwa tairi la nyuma na kufunikwa na bodi ya chuma. Tairi la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama la ndege, ili lifunguke upesi. Katikati akaacha uwazi wa kupitisha miguu.

Sidhani kama aliifikiria Zanzibar alipokuwa akichora uwazi ule. Lakini ni kama alituchorea sisi. Mzee mwenye kanzu alipanda bila ya kuipandisha kanzu magotini, akafika msikitini Ijumaa ikiwa nyeupe kama ilivyotoka kwenye pasi. Mwanamke mwenye buibui alikaa kwa heshima yake yote na kushika usukani mwenyewe. Shangazi yangu hakuwahi kuonekana kioja kwa kuendesha. Walimu wenzake waliendesha, wauguzi waliendesha, na mpaka leo ukisimama Michenzani asubuhi utawaona wanawake wakipita na vyombo vyao kwenda kazini, mtoto amesimama mbele kashika usukani. Ninapowasikia watu huku wakieleza namna mwanamke wa kwetu anavyoishi, hukumbuka mgongo wa shangazi, mimi nimekaa nyuma na mkoba wake wa vitabu mapajani, tukishuka Mnazi Mmoja upepo wa bahari unatupiga usoni.

Yeye ndiye aliyenifundisha, kwenye uwanja wa Maisara, kabla jua halijawa kali. Gia za Vespa ziko mkono wa kushoto, pamoja na klachi. Unabana klachi na kuuzungusha mkono mzima: moja iko juu, kisha firii, halafu mbili, tatu na nne kwa kushuka. Anayejifunza huiachia klachi ghafla, Vespa ikaruka na kuzimika. Shangazi alikuwa akitembea pembeni, mkono mmoja kwenye kiti, akisema polepole, "Iachie kama unamlaza mtoto." Kwa kuwa injini iko kulia, chombo huvutia upande huo kidogo, na mwili hujifunza kuegemea kushoto bila ya kuambiwa. Nimepanda vyombo vingi tangu hapo na bado naegemea.

Halafu kulikuwa na plagi. Injini ya viharusi viwili hula petroli iliyochanganywa na oili. Ukizidisha oili, plagi inashika masizi. Unasikia mlio umebadilika, unakohoa mara mbili, kisha kimya. Kila kijana wa mtaa alikuwa na kipande cha msasa mfukoni. Unafungua bodi ya kulia, unaichomoa plagi ikiwa bado moto, umeishika kwa leso, unaikwangua mpaka ncha yake ing'ae, unaipuliza, unairudisha. Kama petroli imebaki kidogo, unailaza Vespa upande ili iliyomo ikusanyike, unaisimamisha, unapiga kiki. Ikiwaka, moshi wa buluu unapanda na kila aliyesimama hapo anacheka. Na hapakosi waliosimama. Kuharibikiwa njiani pale kwetu kulikuwa ni kupata watu: huyu kashika bodi, yule kaleta bisibisi, mzee wa barzani anatoa maelekezo bila ya kuinuka. Spea ya Italia ikikosekana ilitiwa ya India, maana kule Vespa ziliwahi kuundwa kwa leseni ya Piaggio, na Vespa ikaendelea.

Naamini tulilelewa na mambo hayo. Kijana aliyeazimwa chombo cha watu alijua anabeba nini. Alijua waya wa klachi ukikatika mikononi mwake, yeye ndiye atakayeutafuta mwingine. Alijua akiendesha ovyo Kisiwandui, habari itamtangulia kufika nyumbani. Hatukuwa na bima. Kilichotulinda, pale kilipoweza kutulinda, ni macho ya watu.

Na hayakuweza kila mara. Mwenzetu mmoja, tuliyekaa naye dawati moja na kufundishwa na shangazi yule yule, alianguka usiku kwenye barabara ya Bububu. Kulikuwa na mchanga kwenye kona. Chombo alichoazima kilichubuka rangi tu. Yeye alipiga kichwa kwenye ukingo wa barabara, na asubuhi tulimzika. Hakuna kati yetu aliyekuwa na helmeti, na hakuna aliyeona kuwa ni upungufu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwa miaka mingi kwamba helmeti iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 40, na ya kuumia vibaya kichwani kwa takriban asilimia 70. Uingereza iliifanya helmeti kuwa lazima mwaka 1973. Kila ninapomwona binti yangu akifunga mkanda wa helmeti yake chini ya kidevu, kwanza mlio wa kufungika, ndipo anapowasha, namshukuru Mungu kwa sheria hiyo, na namkumbuka mwenzetu.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wa huku wanaosema kwamba Ulaya imewafunga watoto kamba. Hapa, mwenye miaka 16 anaweza kuendesha pikipiki ya cc 50 isiyozidi kilomita 45 kwa saa, lakini kwanza apitie mafunzo ya lazima, kisha abandike alama ya L mbele na nyuma, na asipakie mtu. Akifika 17 anaruhusiwa ya cc 125. Binti yangu alifundishwa kutazama nyuma kabla ya kukata kona mpaka likawa jambo la shingo yenyewe. Mimi sikufundishwa hilo hata siku moja. Na vile vipikipiki vidogo vya watoto, vinavyomfika mtu mzima magotini, haviruhusiwi barabarani wala kwenye bustani za umma. Polisi wanaweza kuvikamata. Mtoto atakipanda kwenye shamba la mtu, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Lakini huyo mtoto yuko na nani pale shambani? Yuko na baba yake, na gari lililokileta, na uzio. Watu ndio ninaowaona wamekosekana. Binti yangu anaendesha salama kuliko nilivyoendesha mimi, na hakuna mtu mtaani kwetu anayejua kama anaendesha. Skuta yake ikigoma, anapiga simu ya huduma na kusubiri pembeni. Wapita njia watampita, na si kwa ubaya. Wanajua kuna mtu analipwa kwa kazi hiyo. Majira ya joto hapa huwa na mikusanyiko ya Vespa za zamani, zimeng'arishwa, zimepakiwa kwenye trela na kurudishwa kwa trela. Iliyopita miaka 40 na haikubadilishwa sana huingia daraja la vyombo vya kihistoria, ikasamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka. Wenye nazo ni watu wakarimu, watakueleza kila skrubu. Sijawahi kumwona mmoja wao akimpa kijana wa jirani ufunguo.

Vespa ya shangazi bado ipo. Imepakwa rangi upya, injini imefunguliwa na kufungwa mara nyingi, na watoto wa binamu zangu ndio wanaoigombania sasa. Majira haya ya joto tunakwenda na binti yangu, na ombi lake la kwanza ni hilo: apewe Vespa. Akauliza pia bima itaandikwa jina la nani. Nikamwambia kibali cha kuendeshea nitamkatia, bima ya Vespa nitaisimamia mimi, mengine atapangiwa zamu na wenzake.

Nikampigia simu shangazi kumweleza sharti langu moja, kwamba binti yangu anakuja na helmeti yake na bila ya hiyo Vespa haitoki. Nilijiandaa kumshawishi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huyo ataipanda zamu moja. Zamu nyingine zote vichwa ni vya hawa wa huku."

Nikamwambia nitawaletea helmeti na wao, ila mpya, kwa sababu iliyowahi kuanguka inaweza kuwa na ufa wa ndani usioonekana, na ziwe za kiasi cha kila kichwa, maana helmeti inayocheza haimlindi mtu. Akauliza kichwa kinapimwa vipi. Nikamwelekeza: utepe wa fundi cherehani, upitishwe juu kidogo ya nyusi na kuzunguka mpaka kisogoni. Jioni ile ile vipimo vikaanza kuingia kwenye WhatsApp: sentimita 54, 56, 57, kila kimoja na jina la mtoto na jina la mama yake. Bado anaendelea kuvituma, na amefika nyumba za upande wa pili wa barabara.