Kabla ya Msingi, Muulizeni Mama

Kwetu Wamaasai nyumba hujengwa na mwanamke. Nimejenga zangu hapa Malambo, wilayani Ngorongoro, nimewasaidia mabinti zangu kujenga zao, na siku hizi naitwa hata kwenye nyumba za mabati. Wananiambia, "Yeyo," yaani mama, "njoo uone, tunavujiwa." Mara nyingi nikifika nakuta paa ni zima. Maji yamepita chini ya mlango.

Nchi yetu ni kame, lakini mvua ikija huja kwa kishindo. Malisho yamekwisha, udongo ni majivu mepesi ya volkano, hakuna majani ya kuyapunguzia maji mwendo. Korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kujaa jioni hata kama bomani kwako halijadondoka tone, kwa sababu mvua imenyesha juu milimani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua mahali. Angalia vijiti na takataka zilizonasa kwenye miiba: hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Ukikuta mchanga safi uliotandazwa, ondoka, hiyo ni njia ya maji. Tafuta mwinuko, hata kama ni mdogo. Kisha chimba mtaro upande wa mlimani, uizunguke nyumba kama upinde. Udongo unaoutoa uuweke upande wa nyumba uwe tuta, na mwisho wa mtaro uuelekeze malishoni, usiumwagie boma la jirani.

Enkaji, nyumba yetu ya asili, hukandikwa kwa kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichochanganywa na udongo na majivu. Nyuzi za majani zilizomo ndani ya kinyesi ndizo zinazoshika udongo usipasuke. Nyufa tunaziziba jua likiwa kali, kabla ya vuli na tena kabla ya masika, maana tabaka bichi likipigwa na mvua linateremka lote. Paa nalo liwe na mgongo, maji yasipate pa kutuama. Anayengoja mawingu atapanda juu ya nyumba usiku, kinyesi mkononi, watoto wakilowa ndani.

Bati lina mambo yake. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, usipigwe bondeni, na uwe na raba chini ya kichwa. Bati la juu lililalie la chini. Lakini hatari kubwa ni pale maji ya paa yanapoangukia: yanachimba msingi kidogo kidogo mpaka ukuta unapasuka. Weka gata na tangi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 5 likinyeshewa milimita 20 linakusanya karibu lita 600, na sisi tunafuata maji mbali kwa punda! Tangi likijaa, bomba la ziada liyapeleke maji mtaroni.

Kuna maji ambayo mtaro hauyawezi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, zaidi ya watu 80 wakafa. Mbele ya nguvu ile hakuna ukuta unaosimama. Kinga pekee ni kutojenga kwenye njia yake.

Ninachokiona sasa kinaniuma. Familia ikipata fedha ya bati, fundi huitwa kutoka mjini, baba anaonyesha kiwanja, kamba inavutwa, msingi unachimbwa. Mama hakuulizwa. Naye ndiye anayepita makorongoni kila siku akitafuta kuni na maji; anajua maji ya mvua yanakopita na yanakogeukia. Nyumba zimebadilika, na maarifa yake yameachwa nje ya kamba ya fundi.

Nawaomba akina baba, nawaomba wajumbe wa serikali za vijiji mnaogawa viwanja: kabla ya kuvuta kamba, tembeeni eneo lote pamoja na akina mama na wazee. Na mtaro uchimbwe kabla ya msingi, wanaume washike majembe nao. Kutembea huko hakuna gharama, na katika nyumba itakayojengwa baada yake watoto watalala wakati mvua inanyesha.