Siku Kengele Haikulia



Seminarini kwetu siku huanza kwa kengele. Iko kengele ya kuamka, ya Masifu ya Asubuhi, ya Misa, ya darasani, ya kazi za mikono, ya chakula, na ile ya mwisho inayotuingiza katika kimya cha usiku. Wengine wetu tumeishi na kengele tangu seminari ndogo, tukiwa watoto wa miaka kumi na minne. Tumeizoea kiasi kwamba hatuisikii tena kama sauti. Miguu inaondoka yenyewe. Hapa tunataka kuwasimulia siku tatu tulizoishi bila kengele, na aibu tuliyorudi nayo.

Muhula uliopita mafrateri watatu wa falsafa tulipewa ruhusa ya kwenda Morogoro, kutoka Ijumaa hadi Dominika jioni. Sababu iliyoandikwa kwenye barua ya ruhusa ilikuwa moja: Paroko wa parokia fulani ya mjini alikuwa ameomba tuongee na vijana kuhusu miito baada ya Misa ya kwanza. Sababu ya pili tuliibeba mioyoni. Tulitaka kumwona ndugu yetu tuliyesoma naye seminari ndogo, akaanza falsafa pamoja nasi, kisha akaacha. Sasa anasoma chuo mjini humo. Habari zake zilikuwa zikitufikia vipande vipande: picha akiwa ukumbini katikati ya spika, picha akiwa na sahani za santuri mkononi, salamu zilizotumwa saa tisa usiku. Tulisema, muziki umemmeza.

Ndani ya basi tuligawana maneno ya kumwambia. Mmoja angeanza na mfano wa mwana mpotevu, wa pili angemkumbusha nadhiri tulizowekeana chini ya mwembe wa seminari ndogo, na wa tatu angefunga kwa sala. Tulijiona wachungaji watatu tunaomfuata kondoo mmoja.

Alitupokea stendi ya Msamvu akicheka, akatupeleka chumbani kwake chini ya milima ya Uluguru. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la gesi, rundo la madaftari, na kwenye kona gramafoni ya mkononi aliyoachiwa na babu yake. Kabla hatujamaliza chai akaifunga gramafoni kwenye kanga, akasema, "Mafrateri, twendeni. Kuna mzee ananisubiri."

Mzee huyo anaishi mtaa wa juu, na chini ya kitanda chake kuna sanduku lililojaa sahani za santuri. Chombo chake cha kuzipigia kilikufa miaka mingi iliyopita. Tulisalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni ndani." Tulidhani rafiki yetu amekuja kununua. Hakununua kitu. Alifuta sahani moja kwa kitambaa, akaiweka, akashusha sindano. Baada ya mkwaruzo mfupi magitaa yakaingia, na mzee akafumba macho.

Wimbo ulipofika pazuri ukakatika. Mmoja wetu akasema, "Pole mzee, umeharibika." Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Haujaharibika, mwanangu. Haujaisha pia. Geuza."

Ndipo tukajifunza. Sahani zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika chache tu kila upande, na nyimbo za bendi zetu za dansi zilikuwa ndefu. Kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Mara nyingi sehemu ya pili ndiyo yenye magitaa matupu, pale watu wanapocheza kweli. Lakini haiji yenyewe. Lazima mtu ainuke alipokaa, ainyanyue sahani, aigeuze.

Mzee alitusimulia Morogoro ya ujana wake. Alimtaja Salum Abdallah na Cuban Marimba, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Alimtaja Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, waliosafiri mpaka Osaka, Japani, kupiga kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Alieleza jinsi Mbaraka alivyokuja kuunda Super Volcano, na jinsi yeye pia alivyofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979. "Barabara imetuchukulia wote wawili," alisema, kisha akanyamaza kidogo. Halafu akatugeukia.

"Na nyinyi wanafunzi wa upadri, mnaruhusiwa kusikiliza haya?"

Tukajibu kama tulivyofundishwa: "Ndiyo mzee, kwa kiasi."

"Kiasi hicho anakipima nani?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Usiku ule tulilala kwenye mkeka, tukabishana kwa sauti ya chini. Mmoja alimleta Mtakatifu Augustino, ambaye katika kitabu cha kumi cha Maungamo anakiri kwamba anayumba: anakumbuka machozi aliyotoa aliposikia nyimbo za Kanisa, lakini anaogopa siku ambazo uimbaji wenyewe humgusa kuliko kile kinachoimbwa. Kama mtakatifu huyo aliogopa hata nyimbo za kanisani, sisi tuseme nini juu ya rumba?

Mwingine akamleta Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika Summa anasimulia kisa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili, aliyekutwa akicheza na wanafunzi wake na watu wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu isiyolegezwa kamwe, akasema Yohane. Tomaso anaendelea mbali zaidi: mtu asiyejua kufurahi wala kuvumilia furaha ya wengine ana kasoro, kwa kuwa anakuwa mzigo kwa wenzake, ingawa anaona kasoro hiyo ni ndogo kuliko ya kuzidisha. Tuliridhika. Tulilala tukiamini kwamba tumempata mpimaji wa kiasi, na kwamba yumo kitabuni.

Jumamosi asubuhi rafiki yetu alikaa na madaftari yake mpaka saa tano, kwa sababu Jumatatu alikuwa na jaribio. Kisha ikaja kirikuu ya mwenye vyombo, nasi tukasaidia kupakia spika, miksa, nyaya na jenereta. Kila mwisho wa juma anafanya kazi hiyo kwenye harusi na Kipaimara, maana fedha ya mkopo wa chuo huisha kabla mwezi haujaisha. Spika moja ilihitaji watu wawili. Mikono yetu inayofyeka majani ya seminari kila Alhamisi iliuma kabla hatujafika mlangoni mwa ukumbi.

Ilikuwa harusi nzuri. Tulimtazama rafiki yetu akifanya kazi, na tukaona kwamba muda mwingi haangalii vyombo, anaangalia watu. Bibi mmoja alipoziba sikio, alishusha sauti. Mzee wa ukoo aliposimama kuwaombea maharusi, alizima kila kitu, hata ile midundo ya chinichini ambayo mshereheshaji alikuwa akiitaka. Walizozana kidogo hapo. Ana hasira za karibu, hilo halijabadilika. Na wazazi walipoleta zawadi, aliweka wimbo wa zamani wa dansi, wa rika la yule mzee wa jana. Meza za nyuma zote ziliinuka. Wajukuu waliwafuata bibi zao. Tulicheza na sisi. Tulicheza sana.

Saa ya Masifu ya Jioni ilifika. Mmoja wetu alitazama saa, akasema, "Tutasali baadaye kidogo." Ilipofika saa mbili tukakubaliana kuyaunganisha na Sala ya Mwisho. Sala ya Mwisho tukaiahirisha mpaka tutakapofika nyumbani. Hakuna aliyetukataza kusali, wala hakuna aliyetucheka. Hapakuwa na kengele tu.

Ukumbi ulifungwa saa saba usiku. Wageni walikwenda kulala, sisi tukaanza kukunja nyaya. Tuliona upande wa sherehe ambao mgeni haoni: vijana wanne, jasho, viatu mkononi, na malipo ya kila mmoja yasiyotosha kodi ya nusu mwezi. Rafiki yetu hakujisifu. Alituambia mwaka jana alipata sapu mbili kwa sababu ya usiku kama huu, na kwamba bado hajui vizuri jinsi ya kuvishika vyote. Tukaona wakati umefika. Mmoja wetu akakohoa ili aanze mwana mpotevu. Lakini yeye akatangulia.

"Najua mnasema nilitoka kwa ajili ya muziki," alisema, huku akiviringisha waya kwenye kiwiko. "Muziki niliupenda hata nikiwa ndani. Nilitoka kwa sababu likizo moja nilikaa nyumbani wiki tatu bila kusali hata siku moja. Niliporudi, kengele ikalia, nikaenda kanisani kama kawaida, na mlezi akanisifu kwa uaminifu. Niliogopa. Nikajiuliza, anayesali ni mimi au ni kengele?"

Mwana mpotevu alibaki kooni. Tuliviringisha nyaya zilizobaki bila kusema neno.

Tulifika chumbani saa tisa. Misa ya kwanza ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulikubaliana kujinyoosha tu.

Tulipofumbua macho, jua lilikuwa limeingia mpaka ukutani. Saa mbili na dakika ishirini. Mezani palikuwa na chupa ya chai, vitumbua vitatu na kikaratasi: "Niliwaamsha mara mbili, mkaitika 'tunakuja'. Nimewahi Misa, nilisoma somo la kwanza mahali penu. Vijana nimewaambia mtaongea nao baada ya Misa ya pili. Naenda kurudisha vyombo."

Hatuna namna ya kulipamba hili. Watatu tuliotumwa kuongea juu ya miito tulikuwa mkekani. Aliyetoka seminari ndiye aliyesimama kwenye mimbari. Alikuwa amelala saa chache kama sisi, labda pungufu.

Tulikimbia Misa ya pili, tukamwomba Paroko msamaha sakristia. Alitutazama viatu vilivyojaa vumbi la ukumbini, akasema tu, "Vijana wanawasubiri." Hotuba tuliyokuwa tumeiandika ilizungumzia sadaka na uaminifu. Tuliiacha mfukoni, tukawaeleza vijana wa parokia ile kilichotokea, tangu Masifu tuliyoyaahirisha mpaka kikaratasi cha mezani. Walicheka, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kuuliza maswali. Binti mmoja wa kwaya aliuliza: "Sasa ninyi mtajuaje kama mnaitwa kweli?" Tulimwambia kwamba ndilo swali tunaloondoka nalo.

Tangu siku ile tumelifikiri sana, na tumerudi kwa Aristotle tuliyemsoma kwa ajili ya mtihani tu. Anasema mtu huwa mwadilifu kwa kutenda haki, kama mpiga kinubi anavyokuwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Hapo tuliwahi kupigia mstari. Hatukupigia mstari sentensi zinazofuata: kwamba kwa kupiga huko huko kinubi hupatikana wapigaji wazuri na wapigaji wabaya. Mazoezi peke yake hayatoshi. Mtu anaweza kusali miaka kumi na kuzoea vibaya, akajifunza kuitii kengele badala ya kumjibu Yule anayeita kwa kengele hiyo.

Hatusemi kengele ni mbaya. Magitaa yale ya Morogoro Jazz hayakupigwa na watu waliojifunza pale walipojisikia. Tunaihitaji, na baada ya Dominika ile tunajua tunaihitaji kuliko tulivyodhani. Wala hatusemi harusi ilitukosesha. Mtakatifu Tomaso hakudanganya kuhusu upinde. Ni sisi tuliosahau kwamba upinde uliolegezwa hukazwa tena, na anayeukaza ni mwenyewe. Siku moja, Mungu akipenda, tutakuwa mapadre katika parokia za mbali, na hakuna atakayetugongea mlango saa kumi na moja alfajiri. Sehemu ya pili ya wimbo itategemea kama tutainuka kuigeuza sahani.

Tulimweleza mlezi wetu kila kitu. Hakutuadhibu. Alituuliza kama tulimrudishia rafiki yetu shukrani. Tulikuwa tumesahau hata hilo, tukampigia jioni ile. Alikuwa akijisomea jaribio, na nyuma yake gramafoni ilikuwa ikisikika. Tulimshukuru kwa somo la kwanza, tukamwomba pia msamaha kwa tuliyosema juu yake ndani ya basi, ambayo hakuyasikia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ngojeni, nageuza."

Tunawaomba mtuombee, nasi tunawaombea ninyi, na hasa ndugu zetu wote waliotoka seminari ambao tunawasema kabla hatujawatembelea.