Kutoka Mchakamchaka hadi Kombe

Sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania katika miaka ya Ujamaa tunaukumbuka mchakamchaka wa asubuhi: shule nzima barabarani, mwenye sauti kali akianzisha wimbo na wengine wakiitikia huku vumbi likitimka. Ulikuwa na sura ya kijeshi, sikatai. Gwaride tulilirithi kutoka shule za kikoloni, na halaiki za sikukuu za taifa zilimtaka kila mtoto awe sehemu ndogo ya picha kubwa ya uwanjani. Hata hivyo palikuwa na jambo moja ambalo baadaye lilitoweka: walikimbia wote, mnene na mwembamba, wa kike na wa kiume, mwenye kipaji na asiye nacho. Naamini hilo ndilo tulilopoteza, na kwamba kwa muda mrefu tumekuwa tukililia jambo jingine.

Maana elimu ya viungo iligeuka taratibu ikawa timu. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yaliibua vijana wengi hodari, nayo yanastahili heshima. Lakini timu ya soka ni watu kumi na mmoja na ya netiboli ni saba, wakati shule ina mamia. Kipindi cha michezo kikabaki kwenye ratiba ya ukutani tu. Saa yake ikifika, wachache wanafanya mazoezi, waliosalia wanapalilia shamba la shule au wanarudia hesabu. Ndiyo maana Wizara ya Elimu iliposimamisha mashindano hayo mapema miaka ya 2000, kilio kilihusu vipaji: nani atawarithi Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, walioleta medali za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, ambazo Tanzania bado haijapata nyingine katika Olimpiki? Swali halali kabisa. Lakini mashindano yaliporejeshwa miaka michache baadaye, watu waliridhika. Kombe lilirudi, kipindi hakikurudi.

Wanaotetea hali hiyo wana hoja nzito. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 watoto walimiminika, na penye uwanja pakajengwa madarasa. Nani angethubutu kusema wabaki nyumbani ili mpira uchezwe? Kisha mwaka 2013 mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ukaleta upangaji wa shule kwa ufaulu, na mwalimu mkuu anayepimwa kwa mtihani peke yake hulinda kile kinachopimwa. Namwelewa. Wengine husema mtoto wa kijijini anachota maji na kulima, mazoezi ya nini tena? Hapa ndipo ninapokataa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17, na pengine jembe na ndoo vinazifikisha. Ila kipindi cha shule hakikuwekwa ili kutimiza jasho. Kiliwekwa kufundisha: kuruka na kutua bila kuumia, kurusha, kushirikiana na usiyemchagua, kushindwa bila kugombana. Ndoo haifundishi hayo. Tena haifundishi kuogelea, na watoto wa Ukerewe na Mafia wanakua wamezungukwa na maji huku shule ikiwaachia bahati yao. Mtoto wa mjini anayepanda basi la shule kabla ya jua na kushuka jioni hana hata hilo jembe.

Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, nami nalifurahia kwa dhati. Hofu yangu ni kwamba litafundishwa kwa chaki, mtoto akariri vipimo vya uwanja asioukanyaga, kwa kuwa walimu walioandaliwa kwa kazi hiyo, mfano wale wa vyuo vya Butimba na Malya, hawatoshi shule zote. Kwa hiyo mthibiti ubora akishamaliza kukagua andalio la somo, asiishie ofisini kwa mwalimu mkuu. Asubiri saa ya kipindi hicho, apite madarasani, ahesabu wangapi wamebaki kwenye madawati wakinakili.