Kutu Nayo Ina Wenyewe

Ukipita Mwembe Tayari asubuhi utayakuta mabasi ya Nairobi yamejipanga, makuli wanagombania mizigo na muuza kahawa anagonga vikombe vyake. Aghalabu hutageuza uso kutazama stesheni ya reli, ingawa iko karibu tu, mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Sikulaumu. Treni ya zamani ya abiria wa Nairobi ilikoma mwaka 2017, na ile ya SGR iliyozinduliwa tarehe 31 Mei mwaka huo huo huishia Miritini, nje ya kisiwa.

Mimi huenda upande huo kwa miguu, kisha nikakata kuelekea Shimanzi, nikitafuta reli zilizozama katika lami mbele ya magodauni, mabehewa ya mizigo yaliyoota majani na mataruma ya chuma yaliyolundikwa. Napiga picha. Jirani mmoja aliposikia akaniuliza kama sasa nanunua vyuma vikuukuu kwa kilo. Tulicheka, lakini swali lake halikuwa la mzaha. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo baada ya minara ya umeme na reli kuhujumiwa. Kabla mwaka haujafika nusu, marufuku ikaondolewa. Chuma kisicho na mlinzi hakikai siku nyingi.

Aliyenituma kazi hii ni baba yangu. Ujana wake aliumalizia relini, akiwa mtia moto katika vile vichwa vikubwa vya Garratt aina ya 59, vilivyoundwa na Beyer Peacock kule Manchester, vikaletwa kwetu katikati ya miaka ya 1950. Vilikuwa 34, kila kimoja na uzani wa kama tani 250, na vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Bwela lilikaa katikati, magurudumu yakagawanywa mafungu mawili, mbele na nyuma, ndipo joka lile likaweza kujipinda kwenye kona za reli yetu ya upana wa mita moja. Usimwulize baba habari za makaa. "Sisi tulichoma mafuta," atakukatiza, "makaa ni mambo ya wazee wetu." Kimoja, Mount Gelai, namba 5918, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Vilivyo vingi vilikatwakatwa zamani.

Sasa macho yanamwishia. Jicho la kushoto halioni tena, na la kulia huona picha akiisogeza dirishani, asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali. Basi mimi hupeleka picha studio zikasafishwa kwa karatasi kubwa, kisha namkalisha. Nilimwonyesha gurudumu la breki lililokula kutu akalishika kidoleni kama analizungusha, akanitajia watu wawili waliolifanyia kazi namna hiyo, mmoja wao alikuwa akiimba usiku kucha asilale. Majina yao nikayaandika nyuma ya picha kwa kalamu. Mama alikuwa jikoni, akasema huyo mwimbaji alikula harusini kwetu.

Hapo ndipo nilipoelewa picha ya chuma peke yake ni nusu ya kazi. Mji huu umekwisha poteza reli nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na vigari vidogo juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu kutoka Ndia Kuu hadi Kilindini, bwana ameketi chini ya kijipaa cha turubai. Tunavijua kwa sababu vilipigwa picha, vikauzwa katika postikadi. Nimetazama nyingi, sijaona hata moja iliyoandikwa jina la msukumaji.

Ikiwa nawe una mzee wa reli nyumbani, au wa bandarini, usingoje. Omba ruhusa kwanza, maana mali ya reli ina wenyewe na askari wake hawana haya ya kukufukuza. Mimi nilifukuzwa mara mbili kabla sijaipata barua yangu, nami leo ninayo mfukoni kila niendapo. Vaa viatu vya kufunika miguu. Nyoka hupenda kivuli cha behewa. Piga namba kabla ya kitu kingine chochote, na mahali pa kuunganishia, na kibao cha kiwandani kama hakijang'olewa.

Juma lililopita nilimletea behewa lenye herufi E.A.R. zilizofifia, za shirika lililovunjika 1977. Namba yake imefunikwa na kutu, tarakimu ya mwisho haisomeki. Baba ameishika picha dirishani siku tatu. Asema ikiwa ni 7 analijua behewa hilo, na anamjua aliyekufa chini yake. Ameniagiza nirudi na brashi ya waya.