Peugeot Tuliyoiunda Uani

Mwezi uliopita mjukuu wa jirani yangu aliniuliza gari la mashindano lililo kwenye picha ya sebuleni kwangu nililinunua wapi. Nikamwambia halikununuliwa hivyo lilivyo, tuliliunda wenyewe uani. Akacheka, akidhani namtania. Kijana huyu anasomea ufundi wa magari, na jina la Bert Shankland hajapata kulisikia.

Kwa sisi vijana wa Dar es Salaam wa wakati ule, Shankland alikuwa mtu wa hapahapa mjini. Mwaka 1966 yeye na Chris Rothwell walishinda mbio za magari za Safari kwa Peugeot 404, na mwaka 1967 wakashinda tena kwa 404. Miaka hiyo nimeihakiki. Mengine niliyonayo hayana tarehe: vumbi jekundu, watu wamejipanga kando ya barabara, redio imewekwa dirishani mtaa mzima usikie. Tulijua pia kwamba mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza saba, na mwaka 1968 yakaondoka 93 yakamaliza saba vilevile. Mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki, naye kwa 404. Gari la aina hiyohiyo ndilo madaktari walilopanda kwenda kazini.

Wazo la kuunda langu lilinijia baadaye, mbio za Safari zilipokuwa zimeacha kuja kwetu zikabaki Kenya tu. Nilikuwa karani bandarini. Baharia mmoja aliniachia nakala kuukuu ya jarida la Hot Rod, linalochapishwa Marekani tangu 1948. Vijana wa California walikuwa wakichukua Ford za miaka ya 1930, wakizipunguza uzito, wakitia injini ya V8 na kuzikimbiza kwenye maziwa yaliyokauka. Picha iliyonikamata ilikuwa ya ua wa nyumba: kamba ya nguo, mkokoteni wa mtoto, na injini inaning'inia kwenye mnyororo. Ua tulikuwa nao, Ilala. Kaka yangu akapata 404 iliyogongwa, imekaa juu ya matofali, na kazi ikaanza.

Lakini gari lile lilizaliwa dukani, eneo la Gerezani, kwa mzee mmoja wa spea. Duka lake lilikuwa jembamba, rafu hadi darini, na kila asubuhi alifukiza udi. Udi ule ulichanganyika na grisi, mpira mpya na karatasi ya mafuta iliyofungia beringi. Harufu hiyo ningeitambua hata leo nikiwa nimefumba macho. Hakuwa na daftari la spea. Ulimwekea kitu kibovu juu ya meza, akakigeuza, akakinusa, kisha akakuuliza gari limefanya nini kabla halijafa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba injini ya 404 ina laina zinazochomoka, kwa hiyo huhitaji kuchonga bloku: unang'oa za zamani, unatia laina na pistoni mpya. "Lakini mwanangu," aliniambia, "laina isimame juu ya bloku kidogo sana. Pitisha ukucha, uusikie ukikwama." Alinishika kidole akanipitishia. Akanionya kuhusu silinda hedi ya aluminiamu, kwamba ikipata moto hupinda, na kwamba bolti zake hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa zamu, bila haraka. Pesa ilipopungua alinipa gasketi kwa mkopo, hakuandika popote. Alitaka nirudi nimweleze injini inalia vipi.

Mama alilalamika kwamba sabuni yake ina oili. Tulitoa viti vya nyuma, tukachomelea bamba la chuma chini ya injini, tukafunga springi ngumu. Siku ilipowaka, watoto wa mtaa walikimbia, kisha wakarudi wengi zaidi. Tuliifikisha Morogoro na kuirudisha, na mzee wa spea aliisikiliza mlangoni kwake, mkono juu ya boneti, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha ikaja miaka ambayo hata kupata tairi kulihitaji kujuana na mtu. Gari likauzwa, ada za watoto zikalipwa. Mzee akafariki, duka likawa la simu. Yakaja magari ya mitumba kutoka Japani, na injini nzima zilizokatwa pamoja na nusu ya bodi.

Siyalaumu magari hayo. Kinachoniudhi ni fundi anayesema "toa, weka" kabla hajasikiliza, anayeuza spea bandia akijua ni bandia, na chuo kinachompa kijana cheti kabla hajafungua injini kwa mikono yake. Tulikuwa na uhaba wa kila kitu, ila watu wa kutufundisha tulikuwa nao, na walifundisha bila kutoza senti. Sasa spea zimejaa Gerezani nzima, na ujuzi wa kuzielewa unakwenda makaburini pamoja na wenye nao.

Mwenzangu wa rika langu, kama una gari bovu uani, usimwite mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwite kijana wa jirani, mpe spana, mwambie aanze na silinda hedi.